Tope au Maji? Swali la Udongo wa Bonde la Rufiji

Mwishoni mwa Mei, maji yakiwa yamerudi mtoni na mashamba ya bondeni karibu na Utete yakianza kushika jembe, bibi mmoja aliinama katika shamba lake la mlau, yaani linalopandwa mafuriko yakishatoka, akachimba kwa ncha ya panga hadi kina cha kiganja, akatoa bonge la udongo na kunikabidhi. Juu ya ardhi palikuwa pameanza kufanya nyufa. Chini ya ukoko huo udongo ulikuwa wa kahawia iliyokolea, wenye ubaridi na mzito kuliko ulivyoonekana. Nilikanda kipande chake kwa maji kidogo, nikakisukuma taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada kijitandaze kuwa utepe, nao ukarefuka hadi kuzidi sentimita mbili na nusu, ukakatika kabla ya kufika tano. Mchanga niliusikia kidogo tu kwenye ncha za vidole. Kilichotawala ni ule mnato wa mfinyanzi uliochanganyika na ulaini wa tope.

Alinitazama nikimaliza, kisha akasema: "Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Maji yasipopanda tena huku, udongo huu utabaki hivi kwa miaka mingapi?"

Nilimjibu kwamba nitalitafakari, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la kumridhisha tu.

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki nyingi. Wanaolijua bonde la Rufiji wanaelewa kwa nini linaulizwa sasa: tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mzigo wa mashapo, yaani mchanga na udongo unaobebwa na maji, uliokuwa ukishuka kutoka nyanda za juu unatua katika ziwa lililo nyuma ya ukuta wa mita 131. Mafuriko ya 2024 yalionyesha kwamba maji bado yanaweza kuja, tena kwa kishindo cha kuhamisha watu. Lakini bibi yule hakuwa akiuliza habari za mwaka mmoja.

## Mto unavyouchambua mzigo wake

Udongo ule si wa mahali pale. Umeletwa na mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kutoka Udzungwa, Mahenge, Iringa na kwingineko, ukapangwa upya na maji yenyewe. Mto ukienda kwa kasi hubeba kila kitu. Ukizivuka kingo zake na kutawanyika kwenye tambarare, kasi hufa, na kilicho kizito hushuka kwanza. Katika maji yaliyotulia, chembe ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama mita moja kwa takriban dakika mbili. Chembe ya tope laini ya milimita 0.02 huchukua kama robo tatu ya saa. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji siku tatu hivi, na zile ndogo zaidi huelea hadi zishikane kwa wingi ndipo zipate uzito wa kuzama.

Tofauti hiyo ya dakika na siku ndiyo inayolichora bonde zima. Karibu na mto hubaki mchanga, na ndiyo maana kingo huwa juu kidogo kuliko mashamba yaliyo nyuma yake. Mbali kabisa, katika mabonde ya ndani na pembezoni mwa maziwa madogo kama Zumbi, maji hukaa muda mrefu na kuacha mfinyanzi mzito ambao ukilowa hunasa mguu na ukikauka huvunja jembe. Kati ya sehemu hizo mbili, pale ambapo maji husimama vya kutosha kuacha mfinyanzi lakini bado hupita na tope na mchanga kidogo, ndipo unapopatikana udongo tifutifu wa kifinyanzi: mfinyanzi asilimia 27 hadi 40, mchanga asilimia 20 hadi 45, na kinachosalia ni tope laini.

Mkulima wa Rufiji hahitaji asilimia hizo. Mahindi na migomba huiweka pa juu, mpunga huupeleka pa chini, na hapo katikati hupanda vyote viwili kwa misimu tofauti: mpunga kabla ya maji kupanda, kisha mlau wa mahindi, kunde na maboga maji yakishatoka. Mpangilio huu ulidumu hata baada ya 1969, familia zilipohamishiwa kwenye vijiji vya nchi ya juu. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Waliendelea kushuka bondeni na kulala kwenye madungu msimu mzima ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe, jambo ambalo mtu halifanyi kwa ajili ya shamba la kawaida.

## Ukuta wa mto ulivyojifunua

Kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kuchimba shimo katika shamba la mtu, nilikwenda kutazama mahali ambapo mto umekata ukingo kwenye kona, ukauacha ukuta wa udongo uliosimama wima, mrefu kuliko mimi.

Nilikaa mbele ya ukuta huo kwa muda mrefu.

Juu kabisa kulikuwa na tabaka lililolimwa, lenye mizizi ya majani na mashimo ya minyoo. Chini yake palikuwa na tifutifu ya kifinyanzi iliyoshikana, kisha ufito mwembamba wa mchanga usiozidi unene wa kidole, bila shaka ulioachwa na mafuriko ya nguvu ya mwaka fulani, kisha tifutifu tena. Katika kina cha karibu mita moja kulikuwa na mstari mweusi wenye nyuzi za mizizi iliyokufa zamani. Mstari huo ulikuwa uso wa nchi. Kuna watu walioukanyaga, pengine waliulima, kabla mto haujaufunika. Kuelekea chini zaidi rangi iligeuka kijivu, na ndani ya kijivu hicho kulikuwa na mishipa ya rangi ya kutu iliyofuata njia za mizizi.

Kila rangi hapo ina sababu yake. Udongo ukijaa maji, hewa hutoka. Vijidudu vikikosa oksijeni hutumia madini ya chuma badala yake, na chuma hicho hupoteza wekundu na kuanza kusogea na maji. Maji yakishuka, hewa hurudi kwanza kupitia matundu ya mizizi, nacho chuma huganda humo kikiwa na rangi ya kutu. Kwa hiyo mishipa ile ni kumbukumbu ya maji kupanda na kushuka, mara nyingi, katika kina ambacho jembe halifiki.

Katika udongo wa mlimani rutuba hukaa juu na hupungua kadiri unavyoshuka. Ukiipoteza sentimita 20 za juu umepoteza karibu kila kitu. Kwenye tambarare ya mafuriko mabaki ya viumbe hayapungui kwa utaratibu huo. Hupungua, kisha huongezeka tena pale ulipo uso uliozikwa, kisha hupungua. Mzizi wa muhindi unaoshuka mita moja na nusu hukutana na chakula njiani zaidi ya mara moja. Wala hakuna mwamba wa kuuzuia, na nijuavyo hili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika udongo huu: kina. Sampuli ya sentimita 20 inayopelekwa maabara ndani ya mfuko wa plastiki haiwezi kulionyesha.

## Shaka yangu juu ya tope

Sote tumefundishwa kwamba mafuriko huleta mbolea. Hata mimi nimelisema mbele ya watu. Nikafikiri basi jibu la bibi ni rahisi: tope likikoma, mbolea imekoma, na kilichobaki ni kuhesabu miaka ya kumaliza akiba.

Kisha nikakaa na kalamu.

Chukua mafuriko yanayoacha milimita moja ya tope juu ya hekta moja. Hiyo ni mita 10 za ujazo, sawa na tani 12 au 13. Tuseme tope hilo lina nitrojeni asilimia 0.1, kiwango kisicho kibaya kwa mashapo ya aina hii. Utapata kilo 12 hivi. Lakini nitrojeni hiyo imefungwa ndani ya mabaki ya viumbe, na kwa mwaka mmoja ni asilimia chache tu huachiliwa ikafikia mizizi, yaani chini ya kilo moja. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na kilo 15 hivi za nitrojeni. Hata tope likiwa na unene wa milimita tano, hesabu haikaribii.

Kwa potasiamu, kalisi, magnesi na fosforasi hali ni tofauti, kwa maana madini hayo yamo ndani ya mashapo yenyewe na mfinyanzi huyashika vizuri. Gramu moja ya mfinyanzi wa aina inayovimba ina nyuso ambazo zikijumlishwa hufika mamia ya mita za mraba, na nyuso hizo zina chaji hasi inayozuia potasiamu, kalisi na magnesi zisisombwe. Lakini akiba hiyo tayari ipo, mita kadhaa kwenda chini. Haitegemei mwaka huu umeleta nini.

Sasa nilikuwa na tatizo kubwa zaidi ya lile nililoanza nalo. Kama tope la mwaka halilishi mahindi ya mwaka, ni nini kilichokuwa kikiyalisha miaka yote hiyo bila mfuko hata mmoja wa mbolea?

## Aliyegundua alikuwa Muguga

Jibu nililipata kwa mwanasayansi aliyefanya kazi jirani kabisa na hapa kwetu. Katika miaka ya 1950, H. F. Birch, akiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kule Muguga, Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa, vijidudu vyake huamka kwa ghafla, huvunja mabaki ya viumbe kwa kasi kubwa, na kuachilia nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Kila ukaukaji ukifuatwa na ulowaji, mpasuko huo wa uhai hurudia. Hadi leo wanasayansi wa udongo duniani kote huliita jambo hilo kwa jina lake.

Rudi sasa kwenye shamba la mlau. Kuanzia Agosti hadi Novemba udongo hukauka, hupasuka, hewa na joto huingia hadi ndani kupitia nyufa. Mvua na mafuriko hulowesha kila kitu. Ndani ya udongo uliojaa maji, nitrojeni inayoachiliwa hubaki katika umbo la amoniamu, ambalo mfinyanzi hulishika kwa chaji yake. (Ile iliyokwisha kugeuka nitrati hupotea hewani pale hewa inapokosekana, bonde halina ukarimu usio na mipaka.) Juu ya maji, mwani wa buluu-kijani hukamata nitrojeni kutoka hewani. Maji yakitoka mwezi Mei, mkulima hupanda mahindi na kunde katika udongo uliokwisha kuandaliwa, na magugu mengi pamoja na panya wameshazama.

Tope lilijenga udongo huu kwa maelfu ya miaka. Kinachouendesha kila mwaka ni maji.

Nilipoandika sentensi hiyo kwenye daftari ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikilitazama swali la bibi kinyume. Yeye hakutaja tope. Alisema "maji yasipopanda."

## Kinachoondoka kwanza

Maji yakikoma kupanda, mfinyanzi hauendi popote. Kina hakipungui. Fosforasi na potasiamu zitashuka polepole, kwa miongo. Lakini unyevu wa chini hukosekana mwaka ule ule wa kwanza.

Tifutifu ya kifinyanzi huweza kuhifadhi milimita 150 hadi 200 za maji yanayofikiwa na mimea katika kila mita moja ya kina. Katika mita moja na nusu ni milimita 225 hadi 300, na chini ya hapo maji ya ardhini bado yako karibu, yakipanda taratibu kupitia vinyweleo vya udongo. Hicho ndicho kinachowezesha mahindi kusimama kijani mwezi Julai bila mvua, huku mashamba ya nchi ya juu kilomita chache tu kutoka hapo yakiwa makavu. Mvua za kawaida hazijazi akiba hiyo kwa uhakika: manyunyu hulowesha sentimita za juu, nyufa hujifunga, na mengine huvukizwa na jua. Mafuriko hushuka moja kwa moja kupitia nyufa hadi chini kabisa, kisha hukaa.

Baada ya unyevu huondoka ile nguvu ya kukauka na kulowa. Kisha magugu ya kudumu hupata nafasi. Kisha samaki wa maziwa madogo, ingawa hilo linastahili makala yake.

Na hapa tope linarudi kwa mlango mwingine. Mto uliopokonywa mashapo yake bwawani hutoka ukiwa na nguvu ya kubeba lakini bila cha kubeba, nao hujichukulia kutoka kwenye sakafu na kingo zake. Kadiri sakafu inavyochimbika, ndivyo yanavyohitajika maji mengi zaidi ili kuvuka ukingo. Kwa hiyo kukosekana kwa tope hakumnyimi mkulima mbolea kama nilivyodhani. Kunamnyima maji, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Huko kwenye delta, ambako mikoko imesimama juu ya mashapo hayo hayo, hasara huenda ikatangulia kuonekana.

## Tukitazama Misri

Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika 1970, na tangu hapo karibu tope lote la Mto Nile hubaki nyuma yake. Zaidi ya nusu karne imepita, nao udongo wa bonde la Nile bado unalimwa, tena unatoa mazao mengi. Ningeweza kumpa bibi jibu hilo na kumtuliza.

Lakini si jibu zima. Mkulima wa Misri alipewa mifereji inayofika shambani mwaka mzima, akapewa mbolea za viwandani kwa wingi, na hata hivyo chumvi ilianza kupanda juu kwa sababu mafuriko yaliyokuwa yakiisafisha kila mwaka hayakuwapo tena. Udongo wa kifinyanzi huachia maji polepole. Ukimwagiliwa bila njia ya kuyatoa, maji ya ardhini hupanda, hufika karibu na uso, hukauka na kuacha chumvi. Ilibidi mitaro na mabomba ya kutolea maji yatandazwe chini ya mashamba katika eneo kubwa mno. Udongo ulidumu kwa sababu nchi nzima ililipa gharama ya kuufanyia kazi ambayo mto uliifanya bure.

Rufiji haina mitaro hiyo. Ninapowasikia watu wakisema kwamba bonde litageuzwa kuwa la umwagiliaji na wakulima watavuna mara mbili, swali langu la kwanza ni moja: maji yatatokea wapi kwenda wapi? Njia ya kuyaingiza kila mtu anaichora kwenye ramani. Njia ya kuyatoa katika udongo wenye mfinyanzi asilimia 35 ndiyo inayosahaulika.

## Siku ngapi zinatosha

Kama kinachohitajika kwanza ni maji, basi kuna jambo linaloweza kufanywa, na si ndoto. Bwawa la Manantali nchini Mali, lililokamilika 1988, limewahi kufungulia maji kwa makusudi ili bonde la Mto Senegal lifurike na wakulima wapande maji yakishatoka. Mafuriko ya kupangwa hayaleti tope lililonaswa bwawani. Yanaleta kile kinachoondoka kwanza.

Nimejaribu kukadiria kiasi kinachohitajika. Tifutifu ya kifinyanzi, nyufa zake zikishafunga, hupokea maji kwa milimita tano hadi kumi kwa saa. Kujaza milimita 300 katika mita moja na nusu kunahitaji basi saa 30 hadi 60 za maji kusimama. Mfinyanzi unaovimba hupunguza kasi hiyo, mashamba hayako sawasawa, na maji yenyewe huchukua muda kutandaa, kwa hiyo tuseme wiki moja hadi mbili juu ya mashamba ya katikati ya bonde. Huo si msimu mzima wa maji ya bwawa. Ni siku chache zinazochaguliwa vizuri.

Kuchagua vizuri ndiko kugumu. Maji yakija mapema, kabla mpunga haujarefuka, huuzamisha. Yakija Aprili na kutoka mwezi Mei, mlau hupandwa kwa wakati. Yakichelewa hadi Juni, mahindi yatakomaa katika joto la mwisho wa mwaka, unyevu ukiwa umekwisha. Yakija bila watu kuarifiwa, huwakuta kwenye madungu usiku. Anayefungua lango anahitaji kujua tarehe za kupanda za Utete, Mohoro na Mloka kwa uhakika ule ule anaoujua mzigo wa umeme wa gridi, na wakulima wanahitaji kujua, wiki kadhaa kabla, ni lini maji yatafika na yatasimama kwa kina gani.

Hadi sasa mazungumzo niliyoyasikia kuhusu bonde ni ya aina mbili, umeme na maafa. Ningependa kusikia aina ya tatu, inayotaja siku za maji juu ya udongo tifutifu wa kifinyanzi, mwezi wake na kina chake, ikiwa imeandikwa katika ratiba ya bwawa pamoja na megawati.